Matroni Aliyerudisha Magodoro Kiwandani

Matroni hakuweza kupita godoro bila kuligusa. Tukitoka kanisani, pale kando ya barabara ya Namanga ambapo wauzaji husimamisha magodoro mapya mbele ya maduka, yeye alichepuka, akaweka kiganja katikati ya godoro, akakandamiza, akangoja. Muuzaji alikuja mbio akidhani amepata mteja. "Hili litabonyea mapema," Matroni alimwambia, au, "Hili limeshiba." Kisha alirudi kwangu tukaendelea na safari, na muuzaji akabaki akijibonyezea godoro lake, kama mzazi aliyeambiwa mtoto wake ana homa.

Tulikuwa wapangaji katika ploti moja Kitengela, milango yetu ikitazamana. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alikuwa amestaafu kazi ya hospitali kabla sijahamia hapo. Jina alikuwa nalo, lakini halikutumika. Mwenye ploti alimwita Matroni, mchungaji alimwita Matroni, na mwanawe pia alimwita hivyo alipokasirika. Alikozaliwa na watu wa kwao sikumuuliza, naye hakusimulia. Wodi ndizo alizosimulia. Alisema amewaona watu wakija duniani juu ya godoro, na amewaona wengi zaidi wakiondoka juu ya godoro, na kwamba hajawahi kuona kitu kingine kinachombeba binadamu kwa uaminifu namna hiyo kisha kikatupwa mtaroni.

Alikuwa msafi wa kutisha. Aliosha vikombe kabla ya kuvitumia na baada ya kuvitumia, na mgeni akiingia kwake bila kuvua viatu alitazamwa mpaka miguu ikamwasha. Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyeshinda kutwa nzima akipasua magodoro yaliyolowa mkojo, matope na mambo mengine ambayo sitayataja. Nilimuuliza siku moja anavyoweza. Akasema, "Uchafu ukiwa kazini ni kazi. Ukiwa kwa nyumba yangu, huo ni uvivu." Alihubiri pia dhidi ya kulimbikiza vitu, huku chini ya kitanda chake kukiwa na chupa za chai zisizo na vifuniko na vifuniko visivyo na chupa. Nikivicheka, alicheka kuliko mimi. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha kurusha kichwa nyuma, kilichomfanya kiongozi wa kwaya asimame katikati ya mazoezi na kungoja kiishe.

Na aliogopa ng'ombe. Hili lilikuwa jambo gumu kwa mtu anayeishi Kajiado. Mifugo ikipita nyuma ya ploti yetu asubuhi, Matroni alinishika kiuno na kujificha mgongoni mwangu, yeye mwenye mwili mara mbili ya wangu. Jirani yetu Mama Nashipae, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya korongo na ambaye alituuzia maziwa, alifurahia sana jambo hilo. "Takwenya, Matroni!" alimwamkia kutoka mbali.

"Iko!" Matroni alijibu. Ndilo neno la Kimaasai alilolijua vizuri. Kisha akaongeza, "Lakini hiyo ng'ombe yako ibaki huko huko, tafadhali."

Ajabu ni kwamba kazi yote ile aliianza kwa sababu ya ng'ombe.

Mama Nashipae alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu, aliyempenda kama mtu. Ng'ombe huyo alianza kukonda ilhali malisho yapo. Akavimba tumbo, akakataa maji, akalala asiinuke. Wanaume wa boma walipompasua kutaka kujua kilichomuua, walikuta tumboni bonge la sponji na vitambaa, limesokotana na majani, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Mama Nashipae alikuja mpaka mlangoni kwetu akilia, akisema maneno ambayo sikuyaelewa yote, na Matroni akatoka kama alivyo, na aproni ya jikoni, akavuka korongo.

Nilimfuata. Nilimwona mwanamke yule, aliyeogopa hata ndama, akipiga magoti kando ya mzoga, akaingiza mikono hadi kwenye viwiko, akatoa lile bonge, akalipeleka kwenye karai la maji na kuliosha polepole mpaka rangi yake ikaonekana. Ilikuwa sponji ya godoro. Aliinua kichwa akatazama chini korongoni.

Sote tulijua kilichokuwa korongoni. Kitengela ni mji wa watu wanaohama. Mpangaji akihama, godoro lililochakaa huliacha, na msimamizi wa ploti humlipa mtu wa mkokoteni alipeleke "huko chini." Shule za bweni zilileta ya kwao kwa lori. Ukiangalia kutoka juu uliona magodoro yamelaliana mpaka kwenye kona ya korongo, mengine yameota nyasi, na mbuzi wamelala juu yake wakicheua. Mara nyingine vijana waliyachoma ili wapate waya za springi. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, ukiingia darasani kwangu tulifunga madirisha tukakohoa pamoja, mwalimu na wanafunzi. Tuliviona hivi vyote kila siku na tuliviita mazingira.

"Hii si ugonjwa," Matroni alimwambia Mama Nashipae. "Hii ni watu."

Wiki hiyohiyo alikodi kiwanja kidogo chenye uzio wa mabati, na kuwakusanya wanawake wa kanisani na wa bomani. Aliwafundisha kuvaa glavu na kufunga pua kwa kitambaa kama alivyowafundisha wauguzi wapya. Walilaza godoro juu ya meza, wakapasua kava kwa wembe, wakatenga kitambaa upande mmoja, sponji upande mwingine, springi upande wa tatu. Waya ulichukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Sponji iliyo safi ilikatwakatwa na kushindiliwa ndani ya mito na makochi. Niliwasaidia siku za likizo. Ilikuwa kazi ya mgongo, na vumbi la sponji liliingia mpaka ndani ya masikio, lakini kulikuwa na nyimbo, na Matroni alipita kati ya meza akikagua kama yuko katika raundi ya wodi.

Siku moja alikuja mwanamume wa makamo akisukuma mkokoteni wenye godoro moja. Alifika getini akasimama. Tulimwambia alishushe, akasema sawa, lakini mikono yake haikuachia. Matroni akamsogelea, akamtazama uso, akamuuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Ni nani alikuwa analalia hii?"

"Mama yangu," alisema. "Nyumbani wamesema nichome. Nimeshindwa."

Matroni aliita wanawake wote. Waliacha kazi, wakavua glavu, wakasimama kuizunguka ile meza. Godoro likalazwa, akaliwekea mkono, akaomba kwa ufupi, akamshukuru Mungu kwa mama huyo na kwa usingizi aliopata hapo. Kisha akampa yule mwanamume wembe ili apasue mwenyewe mahali pa kwanza. Alipasua akilia, akaondoka akiwa amenyooka. Tangu siku hiyo nilianza kumwogopa Matroni kidogo, namna mtu anavyoogopa mlima.

Si wote walioona hivyo. Mwanawe alifanya kazi ya ofisi Nairobi na aliishi Nkoroi, katika nyumba nzuri yenye maua getini. Alikuja Jumapili moja, na kwa kuwa milango yetu ilitazamana nilisikia kila kitu.

"Matroni, watu wananiuliza kama nimeshindwa kukulisha. Wanasema mama yangu anaokota takataka."

"Waambie ni kweli anaokota."

"Mimi siko na raha na hii maneno."

"Nilikusomesha na mikono iliyoshika vitu vibaya kuliko hivi," alimjibu. "Hukuwahi kukataa karo."

Kijana aliondoka bila kumaliza chai. Matroni alikaa mlangoni akitazama barabara muda mrefu, nami sikwenda kwake, kwa maana niliona hakutaka kuonwa. Miezi mingi ilipita bila huyo mwana kufika. Kisha, Jumamosi moja, gari lake liliingia kiwanjani likiwa na godoro limefungwa juu kwa kamba. Alilishusha peke yake, shati likachafuka. Matroni hakumkumbatia wala kumkaribisha. "Weka pale," alimwambia kama mtu yeyote. "Toa hiyo shuka kwanza." Kijana akatoa shuka. Akabaki mpaka jioni, akikata sponji kando ya mama yake.

Tatizo lilikuwa magodoro mabovu. Sponji iliyooza, iliyoota ukungu, ile inayovunjika mkononi kama keki kavu, haikuwa na mnunuzi. Ilirundikana nyuma ya kiwanja mpaka ikafikia urefu wa uzio. Tungeirudisha korongoni? Tungeichoma? Matroni alizunguka rundo lile siku nyingi. Halafu akaanza kukusanya lebo, vile vipande vya kitambaa vilivyoshonwa pembeni ya kava, vyenye jina la kiwanda. Mabovu mengi, lebo zake zilikuwa za kiwanda kimoja, nacho hakikuwa mbali nasi.

"Nimezalisha wanawake maisha yangu yote," alituambia. "Sijaona mama akizaa, akaenda zake, akasema mtoto ni wa yule aliyembeba mgongoni. Hawa watu wako na jina kwa hii godoro. Twende tuwaone."

Tukapakia mabovu kwenye lori la kukodi. Nilikuwemo. Soja wa geti alishangaa. "Mama, hapa tunatoa magodoro. Hatupokei."

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Matroni. "Niitie mkubwa."

Meneja alitoka, mtu mpole, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho, nikadhani tumeshinda. Kisha akasema, "Mama, naelewa. Lakini godoro likishatoka kwa hili geti, si letu. Ni la mteja."

"Na mteja akishamaliza?"

Meneja alifungua mikono yake. Nadhani hakuwahi kuulizwa. Alirudi ndani. Matroni akawaambia vijana wa lori washushe. Tuliyapanga yale magodoro kando ya uzio wa kiwanda, lebo zikitazama barabara.

Polisi walitukuta hapohapo. Tulipelekwa kituoni kwa kosa la kutupa taka kwenye mali ya watu. Watu wanaosimulia kisa hiki siku hizi husema Matroni aliwapa polisi hotuba. Si kweli. Nilikuwa nimeketi naye kwenye benchi. Alikuwa ameibana mikono katikati ya magoti. "Mwalimu," aliniambia, "miaka yote sijawahi kuingia hapa ndani." Mkubwa wa kituo alimuuliza kwa nini mtu mzima kama yeye atupe takataka kwa watu. Akajibu kwa sauti ya chini, "Afande, sikutupa. Nilirudisha." Afande alituachilia kabla jua halijazama, kwa onyo, na kwa sharti kwamba tuyaondoe. Tuliyapakia tena yote, tukarudi nayo kiwanjani, na hakuna aliyeimba.

Mimi ningeacha. Nasema hivyo bila aibu, watu wengi wangeacha. Matroni alikaa ndani siku chache, kisha akavaa nguo zake za kanisani, akarudi kiwandani peke yake, mikono mitupu, akamwomba meneja kitu kimoja: amwonyeshe jinsi godoro linavyotengenezwa.

Alirudi macho yakimng'aa. Alitusimulia mara nyingi mpaka tukakariri. Wanamimina dawa kama uji mwembamba, alisema, na ule uji unaanza kupumua. Unainuka wenyewe, unaumuka kama unga wa mandazi, lakini mandazi ya ukubwa wa nyumba, mbele ya macho yako, halafu unatulia, na ukiugusa ni sponji. "Niliona mambo mengi hospitali," alisema, "lakini hiyo kitu ilinifanya nitoe kilemba." Hakuwa anawachekea. Aliwastaajabia kweli, na meneja aliliona hilo. "Wanajua kuliumba vizuri sana," alituambia. "Kuzika ndiyo hawajajifunza. Nitarudi."

Akawa anarudi. Alipeleka vipande vya sponji mbovu ndani ya mfuko, akawauliza mafundi wa mle ndani hiki kinaweza kusagwa, hiki kinaweza kugandishwa upya, hiki kifanywe nini. Mafundi walianza kujaribu. Wengine walikuja kiwanjani kwetu siku zao za mapumziko, kutazama tunavyopasua, na mmoja akatuonyesha mahali pa kupitisha wembe ili kava litoke zima. Meneja naye alikuja hatimaye. Mama Nashipae alimpeleka korongoni, akamwonyesha mahali ng'ombe wake alipokuwa akila. Meneja alisimama hapo akiangalia jina la kampuni yake likipepea kwenye kichaka cha miiba.

Kukaja mkutano Kajiado, katika ukumbi, wa kuzungumzia sheria ya taka. Afisa wa mazingira alieleza kwa Kiswahili chepesi: anayetengeneza kitu na kukiuza ana wajibu nacho mpaka mwisho wake, hata kikishazeeka mikononi mwa mnunuzi. Niligeuka kumtazama Matroni. Alikuwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza wimbo wa kwao. Wananchi walipoalikwa waseme, ukumbi mzima ulimgeukia. Sote tulijua ni siku yake. Yeye akamgusa Mama Nashipae bega. "Enda wewe," alimwambia. "Ng'ombe ilikuwa yako."

Mama Nashipae aliinuka, akazungumza kuhusu ng'ombe wake mwekundu, akianza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kimaasai, na wazee wa mbele wakainamisha vichwa. Wakati wote huo Matroni alikaa nyuma, ameupakata mkoba wake. Meneja alisimama baadaye akasema kiwanda chake kitaanza kutuma lori kuchukua magodoro mazee, yawe mazuri au mabovu, na kwamba wanawake wale watalipwa kwa kuyatenga. Watu walipiga makofi. Nilipomtazama Matroni, alikuwa akiupangusa ule mkoba vumbi kwa ncha ya leso.

Nimekutana na watu wakubwa katika maisha yangu ya ualimu. Nimewapikia wageni wa heshima, nimepokea wakaguzi. Sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyeweza kupigania jambo kwa nguvu zote namna ile, kisha siku ya kulipokea akampa mwingine kiti.

Baadaye nilihamishiwa shule ya upande wa Bisil, naye magoti yalipomshinda mwanawe alimchukua wakaishi pamoja Nkoroi. Tulipigiana simu, kisha simu zikapungua, kama inavyokuwa.

Mwaka huu, siku ya soko, nilikuwa nikitoka kununua unga pale Bisil nikasikia kicheko. Nilisimama katikati ya mbuzi na wachungaji. Kile kicheko kilikuwa kimoja tu duniani. Nilimkuta ameketi mbele ya duka, amekonda, fimbo mapajani, anamngoja mwanawe ambaye alikuwa ameingia sokoni kuchagua mbuzi wa harusi ya mjukuu. Tulishikana mikono, tukakaa bila kuiachia. Aliniuliza kama wanafunzi bado wananitii. Nikamuuliza kama bado anaosha vikombe mara mbili. Alikuwa ameketi juu ya furushi la magodoro mazee yaliyofungwa kamba, ambayo sikuyatilia maanani, kwa kuwa macho yangu yalikuwa usoni pake.

Lori lilikuja likaegeshwa. Akashuka mwanamume mwenye ndevu, amevaa koti la kazi, akatujia kwa adabu ya mjukuu kwa bibi yake.

"Shosho, samahani. Naomba usimame kidogo. Unakalia mzigo."

"Mzigo wa nani?" Matroni aliuliza.

"Hii magodoro ni ya kampuni."

"Lakini ni mazee. Yameharibika."

"Ndiyo, shosho. Yakishaharibika yanarudi kwa kampuni. Si wao ndio waliyatengeneza?" Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba mvua hutoka juu, bila kujua kwamba jambo hilo liliwahi kuwa swali. Akamnyooshea mkono kumsaidia kuinuka.

Matroni aliinuka polepole, akiegemea mkono wa yule mtu. Nilihisi maneno yakinijaa kinywani. Nilitaka kumwambia yule mwanamume mkono wa nani ameushika. Nilitaka kumsimulia habari ya benchi la kituoni, na mzoga, na magodoro yaliyopangwa kando ya uzio. Nilifungua mdomo. Matroni akanikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo.

"Nyamaza, Mwalimu," aliniambia, macho yake kwa mpakiaji. Kisha akamgeukia, akamtegea sikio kama mtu asiyesikia vizuri. "Ati umesema ni ya nani, baba? Hebu sema tena."